Uzi maalumu: Wikiendi moja ya Agosti New York, nilivyoizungusha na mama mdogo kutoka Pangani

#1 MwanaPangani

Wakuu salaam. Wanaoulizia maisha ya huku jamvini huwa wanajibiwa mambo ya makaratasi, kodi na kazi. Leo naomba niandike habari ya starehe, tena starehe ya mtu wa kipato cha kawaida.

Nipo Bronx, huu ni mwaka wa saba. Miaka minne ya mwanzo sikuijua New York ya kiangazi. Jumamosi na Jumapili zote nilikuwa kwenye maboksi, shifti mbili mfululizo, naingia kabla jua halijachomoza. Nilijiambia jua nimeshaota la kutosha nyumbani, la huku nilifuatie nini? Baridi ya nne ndiyo iliyonifungua macho. Ilipofika Februari nilielewa kwa nini watu wa mji huu wakisikia joto tu hawakai ndani. Fukwe za jiji zinafunguliwa kwa kuogelea mwishoni mwa Mei na mapema Septemba zinafungwa. Toa wikiendi za mvua, toa zile ulizopangiwa kazi, zinazobaki unazihesabu kwa vidole.

Mwaka huu mama mdogo wangu amekuja kututembelea. Ametimiza miaka 63, maisha yake yote yamepita Pangani na Tanga mjini. Binti yangu wa miaka mitano hamwachii mkono bibi yake. Basi nikaomba ruhusa kazini wikiendi ya kwanza ya Agosti, nikasema hii ni ya kwao wawili.

Jumamosi. Tumetoka nyumbani saa moja asubuhi, treni namba 4 kutoka Fordham Road mpaka mtaa wa 59. Kwa nini mapema hivyo? Kwa sababu Jumamosi kadhaa za Agosti jiji linafunga Park Avenue, magari hayapiti, barabara inaachiwa watu wa miguu na baiskeli tangu asubuhi. Utaratibu huu upo tangu 2008. Ukiwahi unaikuta barabara bado ina kivuli cha maghorofa na upepo.

Mama mdogo alisimama katikati ya lami, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaniuliza, "Mwanangu, hawa wote wanakimbia nini?" Nikamwambia hawakimbii kitu, wanafurahi. Akavua viatu! Alitembea pekupeku kipande kizima, anasema lami bado baridi, inamkumbusha ua wa bibi ukishamwagiwa maji asubuhi.

Ukishuka na Park Avenue unafika stesheni kuu ya Grand Central. Pale barabara inapanda juu na kulizunguka lile jengo kama mkanda, na siku zote njia hiyo ni ya magari tu. Siku hizi chache ndizo unazopita kwa miguu. Ukiwa juu pale unaona mtaa wa 42 chini yako, sanamu kubwa za mawe juu ya saa ya stesheni ziko karibu kabisa na uso wako. Miaka saba napita chini ya daraja lile, sikuwahi kujua kwamba juu kuna mandhari ile.

Naendelea, ngoja nimlaze mtoto.

#2 Mtu wa Likoni

Nimekaa hapa nasubiri. Huyo mama mdogo wa pekupeku nishampenda. Kuna ferri huko kweli ama ni madaraja tu?

#3 MwanaPangani

Ndugu wa Likoni, umenigusa penyewe. Ferri ndiyo roho ya wikiendi hii.

Kutoka Grand Central tulipanda tena namba 4 mpaka Bowling Green, kusini kabisa mwa Manhattan, ukitoka ni hatua chache mpaka kituo cha Whitehall. Pale kuna vivuko vikubwa vya rangi ya chungwa vinavyokwenda Staten Island. Safari ni kama dakika 25, vinafanya kazi saa 24, na abiria halipi chochote. Nauli ilifutwa 1997. Nalisema hili kwa herufi nzito kwa sababu nje ya kituo, hasa kiangazi, kuna watu wanawafuata wageni na kuwauzia tiketi. Hakuna tiketi. Pita moja kwa moja, ingia ndani, subiri milango ifunguliwe.

Ukienda, simama upande wa kulia. Sanamu ya Uhuru inapita upande huo. Ukifika ng'ambo lazima ushuke na upange tena, ndio utaratibu wao, hata kama unageuka nacho hicho hicho. Kurudi unasimama kushoto.

Mama mdogo amezaliwa anasikia honi ya pantoni la kuvuka mto kwenda Bweni. Chombo kilipoanza kutikisika alishika reli ya pembeni, akafumba macho, akavuta hewa. Akasema, "Chumvi ni ile ile." Sanamu aliitazama kidogo, akasema ni nzuri, kisha akawa anawatazama mabaharia wanavyotupa kamba. Aliniuliza nani analipa mafuta ikiwa watu hawalipi. Nikamjibu ni jiji. Akanyamaza, halafu akasema, "Basi jiji hili lina adabu kwa maskini wake, kwa hili angalau."

Siku ya nyuzi 33 hakuna mahali penye upepo kama sitaha ya kile chombo. Tulikwenda na kurudi, halafu tukakwenda na kurudi tena. Mtoto alidai.

#4 Mtu wa Likoni

Na hapa kwetu Likoni mwenda kwa miguu pia hulipi, mwambie mama. Lakini hatuna muda wa kufumba macho, ukifumba umekanyagwa! Nimefurahi sana kusoma hii.

#5 Kazi Kwanza

Mleta uzi, nakuheshimu, ila unawapotosha vijana. Wikiendi ndipo ovataimu ilipo. Mtu ana mkopo, ana wadogo zake wanasubiri ada, wewe unamwambia akatembee pekupeku Park Avenue. Kila mtu akija huku ana lengo. Starehe zitakuja baadaye.

#6 Dada Nesi

Kaka Kazi Kwanza, siyo kila mtu wikiendi yake ni Jumamosi. Mimi ni nesi, zamu zangu zinaniangukia Ijumaa usiku mpaka Jumapili. Wikiendi yangu ni Jumanne. Nachukua taulo na kitabu, naenda bwawa la Astoria. Bwawa la jiji, bure, kubwa kuliko yote New York, limefunguliwa 1936, na ukiwa majini unaona daraja limekupita juu. Jumanne hakuna foleni ndefu.

Kwa watakaokwenda: bila kufuli huingii. Siyo utani, mlangoni wanaomba uwaonyeshe kufuli la kabati. Na fulana ya kuvaa kando ya maji iwe nyeupe tupu, isiyo na maandishi. Mara ya kwanza nilirudishwa kwa vyote viwili. Linakuwa wazi saa tano mpaka saa tisa, halafu wanatoa watu kwa usafi, kisha tena saa kumi mpaka saa moja jioni.

#7 MwanaPangani

Kazi Kwanza, nakujibu kwa heshima, maana maneno yako ni yale yale niliyokuwa najiambia mimi.

Nimepiga hesabu. Watu wazima wawili, mtoto hafiki sentimita 112 kwa hiyo treni hakulipa. Safari nane za treni kila mmoja kwa siku mbili, nauli kama dola 3. Chakula cha jioni Jumamosi, chakula cha ufukweni Jumapili. Jumla hatukufika dola 100. Nilichopoteza ni zamu za siku mbili. Ada ya mdogo wangu nimeilipa, na nitaendelea kuilipa.

Sasa hili sikutaka kuliandika, lakini umeniuliza kiume. Aliyestahili kuwa kwenye kile kivuko ni marehemu mama yangu. Alikuwa na nguvu za kusafiri katika ile miaka minne niliyokuwa nasema baadaye. Kila alipouliza nilimwambia subiri nijipange, mama, ukija sasa utakaa ndani peke yako, mimi niko kazini. Alisubiri. Nilipojipanga hakuwepo. Mdogo wake ndiye aliyekuja, na kwa nyuma, akivaa mtandio wake, anafanana naye kabisa.

Simwambii mtu aache kazi. Nasema wikiendi mbili, tatu, kwa kiangazi kizima, zitoe.

#8 Kazi Kwanza

Pole sana ndugu yangu. Sikujua. Endelea na uzi, nasoma.

#9 Bint Mutrah

Assalamu alaykum. Mie nipo Maskati na nasoma kama hadithi ya nchi ya mbali, kwa sababu kiangazi chetu ni kinyume. Julai na Agosti joto linapita nyuzi 40, mchana mji umejifungia, watoto wanachezea ndani ya maduka makubwa yenye kiyoyozi. Ufukweni watu wanaonekana usiku. Wenye nafasi wanapakia gari na kwenda Salala, kusini mwa Omani, karibu kilomita 1,000, wanafuata kharifu: manyunyu, ukungu, milima inageuka kijani. Bibi yangu wa Unguja akifika kule akaona minazi na migomba kando ya njia alikuwa analia. Mama mdogo wako na chumvi yake amenikumbusha. Allah amrehemu mama yako.

#10 MwanaPangani

Waalaykum salaam dada, amina. Asante kwa habari ya Salala.

Narudi Jumamosi. Saa sita mchana tulirudi nyumbani tukalala. Hii ndiyo siri yangu kubwa na nimeirithi pwani: jua la saa saba siyo la kushindana nalo. Watu wengi, hasa wageni wa wiki moja, wanapanga vitu sita kwa siku, saa nane wameshavunjika, watoto wanalia, mume na mke hawasemeshani. Asubuhi kitu kimoja au viwili, mchana lala, jioni toka tena. Mapema Agosti jua linazama baada ya saa mbili usiku, kwa hiyo jioni ni ndefu mno.

Saa kumi na moja tukatoka kwenda Queens. Kule Flushing Meadows, kiangazi, kila Jumamosi usiku kuna soko la chakula, linaitwa Queens Night Market. Wanapumzika tu baadaye Agosti, mashindano ya tenisi yanapokuwa hapo jirani. Unashuka kituo cha mtaa wa 111, treni namba 7. Lile treni likishaingia Queens linapita juu ya ardhi, unaona paa za nyumba, nguo zimeanikwa, watu wako kwenye ngazi za nje wanapunga upepo. Sokoni bei wamezifunga makusudi, sahani haizidi dola 5 au 6, kwa hiyo watatu mnaonja vyakula vya nchi nne bila kujuta. Tulikula mishikaki, mikate ya kukaanga yenye jibini, na wali wa nazi ambao mama mdogo aliupima na kusema nazi ni ya kopo lakini mpishi ana mkono mzuri.

Karibu na hapo kuna dunia kubwa ya chuma, urefu wake ni kama jengo la ghorofa 12, ilijengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya 1964. Maji yanaruka pembeni, watoto wanalowana. Mama mdogo akamwambia mjukuu, twende tukatafute kwetu. Wakaizunguka mpaka wakaiona pwani yetu juu huko. Nikiwa nawasubiri nilitafuta kwenye simu: maonyesho yale yalifunguliwa tarehe 22 Aprili 1964, siku nne kabla ya Tanganyika na Zanzibar kuungana. Nilipomwambia alikaa chini kwenye ukingo. Yeye alikuwa mtoto mchanga mwaka ule. Akasema, "Kumbe mimi na hii dunia yao ni rika moja."

#11 Kijana wa Bronx

Bro mkubwa, mimi pia Bronx. Swali: Jumapili mlienda wapi? Kama ni Coney Island nitakulaumu, maana Orchard Beach ipo hapa hapa kwetu, basi la Bx12 kiangazi linakushusha kwenye mchanga.

#12 MwanaPangani

Mdogo wangu, nilaumu tu, tulikwenda Coney Island! Orchard Beach naipenda, maji yametulia, inafaa sana watoto, na familia zinachoma nyama kule kwenye bustani tangu asubuhi. Lakini mama mdogo alitaka bahari yenye mawimbi. Na treni ya D inaanzia Bronx na kuishia Coney Island bila kubadilisha. Ni safari ndefu, zaidi ya saa nzima, ila ukikaa dirishani unauona mto unapovuka juu ya daraja la Manhattan. Angalizo: wikiendi ni siku za matengenezo ya reli. Angalia matangazo kabla hujatoka. Na ukiona behewa moja halina watu wakati mengine yamejaa, usilikimbilie, mara nyingi kiyoyozi chake kimekufa.

Tulifika saa nne, muda ambao waokoaji wanaanza kazi. Wanakaa mpaka saa kumi na mbili jioni, nje ya hapo usiingie majini. Mama mdogo alijifunga kanga mbili akaingia mpaka magotini, akapiga ukelele. Maji ya Atlantiki mwezi Agosti, ukizoea ya Tanga, ni baridi. Alitoka, akakaa dakika tano, akarudi mpaka kiunoni. Mtoto alicheka mpaka akapaliwa.

Lakini muda mwingi aliutumia kwenye gati, lile la mbao linaloingia baharini. Pale watu wanavua samaki na kaa. Kulikuwa na mzee mmoja, nadhani ni Mchina, hana Kiingereza, mama mdogo naye hana. Mzee alikuwa anashusha wavu wa kaa wenye kipande cha kuku. Mama mdogo akamwonyesha kwa mikono jinsi ya kufunga chambo kisichomoke. Mzee akamwachia kamba. Nusu saa nzima wanaelekezana kwa vidole na vicheko. Walipopata kaa wa kwanza mzee alimpigia makofi. Nimesimama pale nikasahau kupiga picha, na sijutii.

Saa kumi na moja tukapanda treni ya Q mpaka Parkside Avenue, lango la Prospect Park. Jumapili za kiangazi watu hukusanyika pale kupiga ngoma, jambo lililoanza 1968. Kongo za Karibiani, djembe za Afrika Magharibi, kengele, filimbi, wazee kwa watoto. Hakuna kiingilio wala jukwaa. Unakuta duara, unasimama, mtu anakusogezea nafasi. Mama mdogo alianza kwa kutikisa bega, mwisho akaingia katikati na mwanangu mgongoni. Bibi mmoja, kwa lafudhi nadhani ni wa Haiti, alimfunga leso yake kiunoni akacheza naye.

Tulifika nyumbani saa nne usiku. Mtoto nilimbeba kutoka kituoni, miguu imejaa mchanga.

#13 Mama Twins

Jamani machozi. Kwa sisi tusioweza kwenda mbali na watoto wawili wadogo: nenda kituo cha zimamoto cha mtaani kwako, mtu mzima yeyote anaweza kuomba wafunge kifuniko cha kunyunyizia maji kwenye bomba la zimamoto. Ni bure. Msifungue wenyewe, bomba lililoachwa wazi linamwaga zaidi ya lita 3,700 kwa dakika, linaweza kumwangusha mtoto, na presha ikishuka zimamoto wakija hawana maji. Likiwa na kifuniko ni kama lita 95, watoto wa mtaa mzima wanaoga. Mimi nimewajua majirani zangu wote kwa bomba lile, miaka miwili kabla ya hapo tulikuwa tunapishana kwenye ngazi bila salamu.

#14 Mgeni wa Juni

Shikamooni. Nimefika Queens mwezi Juni, nina miaka 22, nakaa chumba kimoja na watu nisiowafahamu. Wikiendi nashinda nimelala na simu. Nimesoma uzi wote mara mbili. Mtu akienda peke yake hataonekana wa ajabu? Huyu mama alikuwa na mjukuu wake. Mimi sina mtu.

#15 Dada Nesi

Marahaba mdogo wangu. Hataonekana wa ajabu. Jumanne nitakuwa Astoria. Nitumie ujumbe wa faragha, njoo na kufuli.

#16 MwanaPangani

Marahaba mwanangu. Wengi wa wanaopanda kile kivuko wako peke yao, wanatoka kazini, wanatazama maji. Anza na hicho. Chukua chupa ya maji, kofia, na kitu cha kula kwa sababu ndani bei ziko juu. Nenda asubuhi, usingoje saa saba. Simama upande wa kulia wakati wa kwenda.

Mama mdogo nimemsomea ulichoandika. Anasema nikwambie ukirudi umwandikie ulichokiona, anasubiri.

#17 Mgeni wa Juni

Shikamoo mama mdogo. Nimetoka saa mbili asubuhi leo. Nje ya kituo kuna mtu alitaka kuniuzia tiketi, nikampita. Nimesimama kulia. Sanamu niliiona, lakini mimi pia nilikuwa natazama zaidi wale mabaharia na kamba zao. Kurudi nilisimama kushoto, mtoto mmoja wa Kihispania akanipa nusu ya ndizi yake. Nimepanda mara tatu. Upepo ulikuwa mkali na midomo yangu ina chumvi mpaka sasa.

#18 MwanaPangani

Nimemsomea. Anauliza kama ulikula.